Kabla ya Kuandika Lengo, Hesabu Saa Zako

Habarini za mchana, ndugu zangu. Nawashukuru kwa kuja, maana najua kila mmoja wenu ameacha jambo fulani likimsubiri ili apate kukaa kwenye kiti hicho. Na mada yangu inaanzia hapo hapo, kwenye lile jambo uliloliacha.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kujiwekea malengo na kuyafikia, ya kazini na ya nafsi yako, ukiwa na shughuli zisizokwisha. Naona wengine mmeshatoa kalamu. Naomba mziweke chini kwanza. Malengo mnayo. Sijapata kukutana na mtu mzima asiye na malengo, ila nimekutana na wengi ambao malengo yao hayana pa kukaa.

Tupige hesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Ukilala saa nane kila usiku, toa 56, zinabaki 112. Kazi tuiwekee saa 45, kwenda na kurudi saa 10, zinabaki 57. Kupika, kufua, kuoga, kula, kusafisha nyumba, tuseme saa tatu kwa siku, yaani 21. Zimebaki 36. Bado hujakaa na watoto: saa mbili kila siku, toa 14. Ibada, wagonjwa, misiba, vikao, ndugu waliokuja kukutembelea: toa nane. Sasa umebakiwa na saa 14. Na kama unashika simu kwa saa moja na nusu tu kwa siku, ninyi wenyewe mnajua kama ni moja na nusu, basi mkononi una saa tatu na nusu. Kwa wiki nzima!

Nilipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza nilikuwa na malengo sita. Nilitaka kurudi masomoni, kuanzisha biashara ndogo, kujifunza lugha, kufanya mazoezi, kuandika kitabu na kupanda cheo. Malengo sita, saa tatu na nusu. Niliumia kuona hivyo, kisha nikapata nafuu kubwa. Kwa miaka mingi niliamini mimi ni mvivu. Kumbe nilikuwa nikiidai nafsi yangu saa ambazo hazikuwepo.

Wahenga walituambia mshika mawili moja humponyoka. Ningependa tujiulize, huponyoka lipi? Mimi nimeona kwamba huponyoka lile lisilo na mdai. Lengo la kazini lina msimamizi, lina tarehe, lina mtu atakayepiga simu asubuhi kuuliza ripoti iko wapi. Lengo lako binafsi, iwe ni afya yako, cheti unachokitafuta au kumfundisha mwanao kusoma, halina wa kulidai. Likikosa wiki hii, hakuna anayegomba. Likikosa mwaka mzima, pia hakuna. Ndiyo maana watu wengi wenye bidii hufanikiwa kazini, na wakifika umri fulani wanashangaa mambo waliyoyapenda zaidi yalipotelea wapi.

Kwa hiyo nawasihi: usiache ajali ya wiki ikuchagulie kitakachoponyoka. Kichague wewe. Sema wazi, "Mwaka huu nabeba moja la kazi na moja la kwangu, haya mengine nayatua." Ukishatua, mwambie anayehusika. Hilo la kumwambia ndilo gumu, nami silipunguzi uzito, kwa sababu tunaogopa kuonekana tumewatupa watu. Lakini anayekubali kila jambo huishia kuwaangusha wote, tena bila kuwapa taarifa.

Sasa kuhusu tarehe. Mwaka 1994 wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi waliokuwa wanakaribia kumaliza tasnifu. Waliwauliza watamaliza lini. Kwa wastani walijibu siku 34 hivi. Waliomaliza walitumia takribani siku 56. Wakaulizwa pia, je, mambo yakiharibika kabisa? Wakasema siku 49 hivi, na bado hazikutosha. Hawa si wazembe. Mtu anapopanga huiona kazi yenyewe peke yake. Haoni homa ya mtoto wala mashine itakayoharibika. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuacha kujiuliza "hii itachukua muda gani?" na badala yake kuuliza "ile ya mwisho inayofanana na hii ilinichukua muda gani?" Jibu la swali la pili huwa halipendezi, lakini ndilo la kupangia.

Kitu kingine kinachosaidia ni cha Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1999 juu ya mipango ya "ikiwa hivi, basi vile". Badala ya kusema "nitasoma zaidi," unasema "mtoto akishalala, nakaa mezani na kufungua kitabu cha uhasibu kabla sijagusa simu." Tazameni kilichobadilika. Uamuzi umeshafanywa mapema, wakati akili ina nguvu. Saa tatu usiku, ukiwa umechoka, huna tena haja ya kujadiliana na nafsi yako, na mjadala wa saa hiyo sote tunajua nani hushinda.

Na ukikosa siku moja? Endelea. Phillippa Lally na wenzake jijini London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo likawa linajiendea lenyewe, ingawa kwa wengine lilichukua muda mrefu zaidi ya huo. Siku moja iliyorukwa haikuvunja kitu. Nimewaona watu wakiacha lengo zuri kwa sababu ya Jumatano moja tu, na inanisikitisha kila mara.

Nimalizie na dada mmoja muuguzi aliyenifuata baada ya mazungumzo kama haya. Aliniambia, "Mwalimu, mimi wiki zangu hazifanani. Zamu hubadilika, hiyo saa tatu usiku yako siwezi kuahidi." Alikuwa na haki. Tukaacha saa, tukafunga mpango wake kwenye tukio: akitoka zamu yake ya mwisho ya usiku na akishalala, saa mbili za kwanza akiamka ni za masomo yake ya stashahada. Ili azipate alihitaji kutua uweka hazina wa kikundi chao, kazi aliyoishika kwa miaka. Aliogopa sana. Alikwenda kikaoni akawaeleza ana kwa ana, akataja na muda atakaokuwa nje. Mwanachama mwingine akapokea daftari.

Stashahada aliimaliza mwaka mmoja baada ya tarehe aliyokuwa ameipanga. Kwenye kikao kilichofuata kikundi kilimrudishia daftari, na safari hii aliomba wawe wawili.

Sasa leteni maswali.