Jangwa Ndani ya Pampu ya Baiskeli

Walimu wenzangu,

Mwambie mtoto achore jangwa, naye atachora mchanga na jua kali. Picha hiyo ndiyo inayotupoteza, kwa maana jangwa hupimwa kwa uchache wa mvua: eneo lipatalo chini ya milimita 250 kwa mwaka huhesabiwa jangwa, hata likiwa limefunikwa na barafu kama Antaktika, na Sahara yenyewe kwa sehemu kubwa ni mawe na changarawe. Swali la kumpa mtoto, basi, ni hili: mvua imezuiwa na nini?

Napendekeza tuanze na pampu ya baiskeli. Mtoto azibe tundu lake kwa kidole, asukume kwa nguvu mara kadhaa, kisha aguse upande wa chini. Atakuta pana joto. Halafu abonyeze valvu ya tairi lililojaa, aukinge mkono: hewa itokayo ni baridi. (Mwanafunzi mjanja atadai kwamba joto la pampu limetokana na msuguano. Yuko sahihi kwa sehemu, na asinyamazishwe. Aulizwe ule ubaridi wa valvu umetokana na nini.) Hewa ikibanwa hupata joto, ikitanuka hupoa.

Kutoka hapo mlima unaeleweka. Hewa inayoupanda hutanuka, hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Ikishaangusha mvua upande huo, hushuka upande wa pili ikibanwa, ikipata joto la takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, nayo hewa ya namna hiyo hukausha ardhi badala ya kuinyeshea. Wengi wetu hulionyesha jambo hili kwa sponji iliyoloa, inayokamuliwa huku ikipandishwa kwenye kichuguu cha udongo. Si vibaya, ila sponji peke yake humfanya mtoto aamini kwamba hewa imeishiwa maji tu, wala hatajua kwa nini Sahara ni kavu ilhali hakuna mlima unaoizingira. Aliyeshika pampu atajua: hewa iliyopanda kwenye ikweta na kumwaga mvua yake huko hushuka karibu na latitudo 30, kaskazini na kusini, na inaposhuka hubanwa.

Jaribio la mwisho halihitaji kifaa zaidi ya ramani ya Amerika ya Kusini isiyo na rangi. Waambie kwamba jangwa la Atacama liko magharibi mwa safu ya Andes na nyika kavu za Patagonia ziko mashariki mwa safu hiyohiyo, kisha kila mmoja achore mishale ya upepo kabla hujasema neno. Watabishana. Waache wabishane mpaka mmoja agundue kwamba pepo za kusini kabisa hutoka magharibi, na za kaskazini yake hutoka mashariki. Ndipo uwatajie mkondo baridi wa bahari uitwao Humboldt, unaopoza hewa ya pwani ya Atacama isiweze kupanda, ikabaki kuwa ukungu.