Jioni robo saa, wakati karanga zinamenywa

Wazazi na walezi wenzangu, mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Naona wengine mmetoka kupura uwele moja kwa moja, makapi bado mabegani. Sitawaweka sana.

Shule zinafungwa wiki hii. Juni huku kwetu Chamwino ni mwezi wa kazi: mtama, alizeti, karanga, vyote vinataka mikono, na ya watoto imo. Sikuja kuwaambia muwatoe shambani. Naomba robo saa tu, jioni, mtoto asome kitabu kwa sauti.

Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili msingi wao ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mwezi huu mtoto wa darasa la pili ndiyo kwanza anaanza kuunganisha silabi bila kufuatisha kidole. Ujuzi huo bado mbichi. Miaka yote niliyofundisha, kila Julai niliyaona: mtoto aliyeondoka akisoma "wanakimbia" kwa mkupuo mmoja anarudi anasema "wa-na-ki", ananyamaza, kisha anabuni kilichobaki huku akinitazama usoni. Huko kubuni ndiko kunakoniuma, maana mtoto ameshaanza kuficha. Akifika darasa la tatu, masomo yanaongezeka, naye anaachwa nyuma kimyakimya.

Mtaniuliza, mwalimu, vitabu tutoe wapi? Mwenye safari ya Dodoma mjini ampeleke mtoto maktaba ya mkoa. Lakini nauli wengi hatuna, najua. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu: fungueni kabati la vitabu la shule, watoto waende navyo nyumbani. Kitabu kikirudi kona imekunjwa na kina doa la mafuta, kimesomwa hicho. Vilivyoliwa na mchwa humo ndani ndivyo vya kulilia.

Na wewe uliyesema nje pale kwamba hujui kusoma, utamsaidiaje mwanao, nikujibu. Kijiji jirani yupo mama hajakanyaga darasa. Jioni anamenya karanga, binti anamsomea kwa sauti. Nilikaa nao siku moja. Binti akaruka mstari. Mama, mikono haijasimama, akasema: "Hebu rudi. Sungura kavukaje, na mto umejaa?" Binti akarudi juu, akaukuta mtumbwi alioupita. Mama yule herufi hazijui, lakini amekulia kwenye vitendawili na ngano za bibi yake. Hadithi ikiwa na pengo, sikio lake linanasa.

Halafu kuna jambo ambalo sisi walimu hatuwezi kulifanya vizuri kama ninyi. Kitabu ni cha Kiswahili, nyumbani mnaongea Kigogo. Akimaliza ukurasa, mwambie akusimulie kwa Kigogo. Mtoto anaweza kutamka maneno yote sawasawa asielewe hata moja. Lakini hawezi kukusimulia kwa lugha yako kitu ambacho hakimo kichwani mwake.

Vitabu vile pale mezani, viwili kwa kila nyumba. Njooni na watoto wachague wenyewe. Mwalimu wa zamu ataandika majina.