Kifauongo: Mmea Unaojibu Ukiguswa

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Mwalimu Hamisi, leo tunauzungumzia mmea ambao watoto wengi wa Pwani wameuchezea njiani wakitoka chuoni, nao ni kifauongo, ambacho kikiguswa tu hufumba vijani vyake na kulegeza kikonyo kana kwamba kimekata roho.

HAMISI: Ahsante, Dada Zuhura. Jina lenyewe ni ushahidi wa macho makini, kwa kuwa waliokiita hivyo walikwisha kutambua kuwa hakifi. Mmea huu asili yake ni nchi za joto za Amerika, lakini kwetu umekwisha kuwa mwenyeji.

ZUHURA: Mmea hauna misuli wala neva. Hujikunja kwa nguvu gani?

HAMISI: Kwa nguvu ya maji. Mahali kikonyo kinapoungana na shina, na kwenye kitako cha kila kijani, pana kifundo kilichotuna ambacho seli zake zimejaa maji, na kukakamaa kwa seli hizo ndiko kunakolishikilia jani wazi. Jani likiguswa, kiwango cha kalisiamu ndani ya seli hupanda ghafla na mshtuko wa umeme husafiri hadi kwenye kifundo, ambapo potasiamu na kloridi hutoka katika seli za upande mmoja, maji yakazifuata, seli zikanywea na jani likakunjika. Hayo hutukia upesi sana. Kuyarudisha maji, kwa upande mwingine, huchukua dakika kadhaa na kunagharimu nishati.

ZUHURA: Na jani lililofumba hupata mwanga mchache. Kwa nini basi kikubali hasara hiyo?

HAMISI: Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Mwaka 2022, kundi la Masatsugu Toyota wa Chuo Kikuu cha Saitama, Japani, lilichapisha utafiti uliolinganisha mimea ya kawaida na ile iliyozuiwa isiweze kujikunja, na panzi walipoachiwa waile, ile isiyosogea ndiyo iliyoliwa zaidi.

ZUHURA: Kwa hiyo ni kinga. Lakini je, kila tone la mvua likikifumbisha, kitakula nini?

HAMISI: Hakifumbi kila mara. Mwaka 2014, Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio ambalo mimea iliangushwa mara nyingi kutoka kimo cha sentimita 15 tu, bila kudhurika, hadi ikaacha kujikunja.

ZUHURA: Huenda ilikuwa imechoka tu, Mwalimu.

HAMISI: Nao walilifikiria hilo, wakaitikisa kwa namna nyingine, ikajikunja tena. Binafsi nasita kuuita uwezo huo kumbukumbu, maana neno hilo tumezoea kulihusisha na ubongo, na wanasayansi bado wanabishana juu yake; hata hivyo, mmea uliochoka usingeweza kufumba tena kwa mtikiso mpya.