Kazi za nje kwenye joto kali: ipi mbaya zaidi, ipi ina nafuu

Haya jamani, habari za saa hizi. Walioko nyuma kama sauti haifiki nyosheni mkono, maana leo nataka tusikilizane vizuri. Nimeombwa niongee kuhusu kazi za nje msimu wa joto kali, ipi mbaya kuliko zote na ipi ina nafuu, na najua kila mtu humu ana jibu lake tayari. Fundi wa kuezeka atasema yake ndo kiboko, mtu wa lami atasema wewe hujawahi kushika reki nyuma ya lami mbichi. Mimi nimesimamia usalama saiti kwa miaka mingi na jibu langu ni hili, kazi mbaya kuliko zote kwenye joto ni ile ambayo mfanyakazi hana ruhusa ya kusimama. Jua linafuata baada ya hapo.

Ngoja nieleze. Mwili unataka kubaki kwenye nyuzi 37 hivi, na misuli ikifanya kazi, karibu robo tatu ya nguvu inayotumia inageuka joto humo humo ndani, kwahiyo mtu anayechimba mtaro anachemka hata kama kuna mawingu. Kinachomwokoa ni jasho kukauka juu ya ngozi, likikauka ndo linaondoka na joto. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho linatiririka tu mpaka kwenye buti, unapoteza maji na chumvi bure na joto liko palepale. Ndo maana ukiniambia leo ni nyuzi 38 bado hujaniambia kitu cha maana. Kuna kipimo kinaitwa WBGT, kinachanganya joto la hewa, unyevu, upepo na jua kuwa namba moja, kilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa wanaanguka mazoezini, na humo kipimajoto chenye kitambaa kibichi, kile kinachosoma unyevu na upepo, kina uzito wa asilimia 70, joto la jua na vitu vya moto asilimia 20, na lile joto la hewa tunalotangaziwa kila siku asilimia 10 tu. Kumi! Msimamizi anayeangalia simu yake anaona nyuzi tu anasema mbona leo afadhali, huyo hajui kinachoendelea.

Sasa kazi zenyewe. Lami inafika saiti ikiwa na nyuzi 150 hivi, we unatembea nyuma ya mashine, moto unapanda kutoka chini, jua liko juu, buti nene, suruali ndefu. Lakini kinachoniumiza roho zaidi ni kwamba lami ikipoa haishindiliki tena, kwahiyo lori likishafika hakuna cha kupumzika, ratiba imeshikwa na lori. Paa nalo ni hivyo hivyo kwa ukali, kivuli hakuna maana kivuli chenyewe ndo unakijenga, na kizunguzungu ambacho chini kingekukalisha kitako, juu kinakuangusha. Nondo ikilala juani toka asubuhi, saa saba mchana unamwona fundi anaishika, anaiachia, anaishika tena kwa pindo la shati. Ila muezekaji ana bahati moja ambayo mtu wa lami mara nyingi hana, anaweza kupanda saa kumi na mbili alfajiri na kushuka saa tano, kama bosi anakubali. Mnaona tunaporudi? Kama bosi anakubali.

Mimi nikiulizwa ya kwanza kwa ubaya nasema kukata miwa kwa mkono ukilipwa kwa tani. Shamba limeshachomwa moto kupunguza majani, masizi kila mahali, mtu kavaa mikono mirefu asikatike, anainama na kuinuka na panga kutwa nzima, na kila dakika anayosimama kunywa maji ni miwa ambayo hajaikata, yani ni pesa yake mwenyewe anaiona inaondoka. Nicaragua na El Salvador vijana wa kiume wameanza kuumwa figo, figo zinakufa kabisa, vijana wasio na kisukari wala presha, na joto pamoja na kazi nzito na kukaukiwa maji mwilini siku baada ya siku ndo vinatajwa mbele kabisa. Na nyie mnaoendesha makampuni nisikilizeni hapa, kuna mashamba huko yalileta maji karibu, kivuli cha kuhamishika na mapumziko yaliyopangwa kwa saa, madhara ya figo yakapungua na miwa iliyokatwa haikupungua! Kwahiyo hiyo hoja ya kwamba mapumziko yanaua uzalishaji mimi siipokei.

Na kina mama mashambani, hili halisemwi vya kutosha, wengi hawanywi maji makusudi kwa sababu choo hakuna au kiko mbali. Ukitaka wanywe maji jenga choo kwanza.

Zima moto wa misituni siwezi kumsahau, ila yeye hali yake mnaijua, mavazi mazito, mlima, moto mbele. Nimpe heshima yake tupite.

Zenye nafuu sasa. Watu wanataja mlinzi wa waogeleaji ufukweni, na kweli ana mwamvuli, upepo, maji hatua chache na misuli imetulia, ila ngozi na macho vinapigwa na jua la juu na lile linalorudi kutoka kwenye maji, kwahiyo kofia na miwani ni lazima. Uvuvi wa usiku mzuri kwa joto, una hatari zake nyingine. Kwangu namba moja ni kitalu cha miche. Kuna neti ya kivuli, maji yako hapo hapo, na umwagiliaji unafanywa asubuhi na jioni maana mchana maji mengi yanapotea hewani, kwahiyo kazi yenyewe inakwambia saa sita nenda kakae. Mche unalindwa na we unalindwa humo humo.

Kazi nyingine haziwezi kujipangia hivyo, ndo sheria inaingia. Qatar tangu 2021, kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba, kazi za nje marufuku saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na WBGT ikipita nyuzi 32.1 kazi inasimama saa yoyote ile. California ilianza 2005 na maji, kivuli na mapumziko kwa lazima. Shirika la Kazi Duniani lilisema 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 wanakutana na joto lililozidi kazini, hao ni zaidi ya asilimia 70 ya wote duniani, kwahiyo tusijidanganye kwamba ni tatizo la watu wachache wa jangwani.

Maforomani, nyie naomba mniandikie hili. Nusu mpaka asilimia 70 ya vifo vya joto kazini vinatokea siku za kwanza kwanza, mgeni anataka kuonekana anaweza na mwili haujazoea, unahitaji wiki moja hadi mbili. Siku ya kwanza mpe asilimia 20 ya muda wa kazi kwenye joto, kesho ongeza 20, hivyo hivyo. Aliyetoka likizo au kuumwa naye mwanzisheni taratibu. Maji kikombe cha robo lita kila dakika 15 au 20, msisubiri kiu.

Na mkiona mtu anaongea ovyo, amekuwa mkali bila sababu, anaweka tofali pasipo pake, msingoje jasho likauke, anaweza kuwa analowa bado na mwili umeshapita nyuzi 40. Mmoja apige simu ya dharura, wengine mtoeni juani, mvueni nguo nzito, mwagieni maji baridi mwili mzima, kama kuna pipa au beseni kubwa mtumbukizeni na barafu mkishikilia kichwa kibaki juu, na msimnyweshe kitu kama hajielewi. Kupoza kunaanza hapo hapo saiti, gari la wagonjwa litawakuta mnaendelea.