Tarehe ya Ukurasa: Mhadhara kwa Walimu Tarajali, Nakuru

Ndugu walimu tarajali, nimeombwa nizungumzie matumizi ya intaneti katika kuandaa masomo, nami sitaanza na kompyuta bali na jiji hili tulimoketi. Ukiuliza mtandaoni Kenya ina majiji mangapi, utapata ukurasa unaosema matatu, mwingine manne na mwingine matano, na huenda hakuna hata mmoja uliodanganya siku ulipoandikwa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret ikafuata Agosti 2024; kwa hiyo aliyeandika mwaka 2019 kwamba yako matatu, yaani Nairobi, Mombasa na Kisumu, alisema kweli, ilhali mwalimu anayeyanakili maneno hayo ubaoni leo anapotosha darasa zima, tena la watoto wanaoishi humu humu jijini.

Kosa la namna hiyo nimelifanya mwenyewe. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja isiyo mbali na ziwa, nilipakua picha ya kupendeza ya Ziwa Nakuru likiwa na rangi ya waridi kwa wingi wa heroe, nikaijengea somo zima. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hao siku hizi wako Bogoria." Na kweli, katika miaka ya 2010 maji ya ziwa yalipanda, chumvi yake ikazimuliwa, miani wanayoila ndege hao ikaadimika, na wengi wakahama. Picha yangu ilikuwa halisi; ila haikuwa na tarehe, nami sikujisumbua kuitafuta.

Mbinu zenyewe za kutafuta si ngumu, kwa hiyo sitazirefusha. Ukifunga maneno kwa alama za mtajo, utaletewa kurasa zenye maneno hayo kwa mpangilio huo huo. Ukiandika neno site, nukta mbili, kisha go.ke, utafutaji utabaki ndani ya tovuti za serikali ya Kenya. Na kichujio cha muda kitakuondolea kurasa zilizochakaa. Kwa mambo ya mtaala, nendeni moja kwa moja kwenye tovuti ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, badala ya kuupokea ukiwa umekatwakatwa katika vikundi vya WhatsApp.

Linaloniudhi, na mniwie radhi, ni maazimio ya kazi, yaani mipango ya kufundishia ya muhula, yanayopakuliwa yakiwa tayari, ambayo mkaguzi huyatambua mara moja kwa sababu jina la shule nyingine lingali kwenye ukurasa wa kwanza.

Najua bando si rahisi kwa mwanafunzi, ndiyo maana nashauri mwingie mtandaoni mkiwa na swali lililokwisha kuandikwa karatasini. Mkilipata jibu, andikeni chini ya andalio la somo anwani ya ukurasa pamoja na tarehe mbili, ya siku ulipoandikwa na ya siku mlipousoma. Ukurasa usio na tarehe ya kwanza utafutieni wa pili wa kuulinganisha nao kabla ya kuingia nao darasani.