Kidonda Kimepona, Mkono Haufanyi Kazi

Mabibi na mabwana, walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi, na naona wengine wameshaanza kutabasamu. Nitaanzia pale pale, kwa kuwa kosa lenyewe, la kupandikiza ngozi nyembamba juu ya kano zilizo wazi, halijaacha kuniletea wagonjwa.

Mgonjwa huja na faili lililoandikwa kwamba kidonda cha mgongo wa kiganja kimepona. Namwomba akunje ngumi. Vidole vinafika nusu ya njia na kukwama, huku kovu likibonyea na kuvutwa pamoja na kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, kwa sababu vimeshikamana. Alipandikizwa ngozi nyembamba juu ya kano zilizokuwa wazi. Ngozi ya namna hiyo haina mshipa wake wa damu: siku mbili za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda, kisha hutegemea mishipa midogo iliyo chini yake iipokee. Kano iliyovuliwa utando wake haina cha kuipa, na mfupa uliochunika ni vivyo hivyo.

Hapo panatakiwa kipande cha ngozi na nyama yake kinachohamishwa pamoja na mshipa wake wa damu. Kile cha kinena, kilichoelezwa na madaktari wapasuaji McGregor na Jackson mwaka 1972, hakihitaji hata hadubini ya kuunganishia mishipa: mkono hushonwa kinenani kwa muda wa wiki tatu hivi, halafu shina, yaani sehemu inayokiunganisha kipande na kinena, hukatwa. Mtaniambia kwamba bega litakakamaa. Huenda likakakamaa, na mazoezi yatalilegeza. Kano iliyooza hailegezwi na mazoezi yoyote.

Wengine watapendekeza kipande cha kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, kinachobebwa na ateri ya upande wa kidole gumba, kwa kuwa huisha kwa upasuaji mmoja. Sikatai, ila kwanza bana ateri zote mbili za kifundo cha mkono, mgonjwa afumbe na kufumbua kiganja mpaka kipauke, kisha uachie ile ya upande wa kidole cha mwisho. Wekundu usiporudi, ateri hiyo peke yake haiutoshi mkono, nawe unataka kuukata mkono chakula huku ukijidai unauokoa.

Dakika zangu zimekwisha, nami sijagusa kuondoa nyama iliyokufa, kazi inayotangulia haya yote. Gango nalo, kifaa cha kuushikilia mkono usijongee, lisisahauliwe: kifundo kiinuliwe kidogo kuelekea nyuma, maungio ya mashina ya vidole yakunjwe digrii 70 hadi 90, vidole vyenyewe vinyooke. Habari ya neva mtanidai siku nyingine, mwenyekiti ameshasimama.