Kuwaza Si Kuwa na Mawazo

ATUPELE: Kamwene, Iringa! Kamwene Mafinga, kamwene Njombe. Na nyumbani kwetu Tukuyu, mugonile! Mimi ni Atupele, na huyu aliyevaa makoti mawili ndani ya nyumba ni kaka Gasper.

GASPER: Mwezi wa saba huu, dada. Ninyi wa Tukuyu mmezoea mvua tu, upepo wa Iringa hamuuwezi.

ATUPELE: Si mimi niliyeleta jiko la mkaa studio.

GASPER: [anacheka] Tuanze. Ulisema leo una kisa cha basi.

ATUPELE: Nimetoka Mbeya juzi, nilienda kumwona mama. Pale Chimala simu ikazima. Chaji imeisha, soketi ya kwenye siti haifanyi kazi, na jirani yangu amelala tangu Uyole. Kutoka Chimala mpaka hapa unapajua.

GASPER: Igawa, Makambako, Nyololo, Mafinga, Ifunda... hapo umebakiza nusu ya safari na zaidi.

ATUPELE: Mpaka Igawa mkono ulikuwa unaingia kwenye mkoba wenyewe. Naitoa simu, naiangalia, nyeusi, nairudisha. Makambako nimenunua mahindi ya kuchoma ambayo wala sikuwa na njaa. Halafu tulipoingia ile misonobari ya Sao Hill, mti, mti, mti, mti... sijui nilienda wapi. Nilimkumbuka bibi akichambua maharage. Nikakumbuka gauni nililoharibu mwaka wa kwanza wa ufundi. Halafu, bila kuitwa, likaja lile duka.

GASPER: La Mlandege, hapa mjini?

ATUPELE: Hilo hilo. Miezi mitano namwambia mwenzangu "wiki ijayo tunafungua." Mara rangi, mara leseni, mara fundi wa rafu kasafiri. Nikiwa pale dirishani nikajisikia nasema, kwa sauti kabisa: kumbe sitaki duka. Nataka watu waseme Atupele ana duka.

GASPER: Aisee.

ATUPELE: Jirani akaamka, akaniuliza, "Dada, tumefika?"

GASPER: [anacheka] Ulikuwa umefika kweli!

ATUPELE: Sasa swali langu. Jambo hilo lilikuwa ndani yangu miezi mitano. Kwa nini lisubiri simu ife?

GASPER: Kwa sababu hukuwahi kulipatia nafasi. Foleni ya benki, simu. Chai inachemka, simu. Hata chooni, tusidanganyane.

ATUPELE: Na mimi nalaumu lugha pia. Kwetu mtu akikaa kimya tunamuuliza, "Vipi, una mawazo?" Kana kwamba mawazo ni malaria. "Fulani kakonda, ana mawazo." Mtoto akiangalia nje darasani, kazubaa, anachapwa.

GASPER: Nilichapwa sana.

ATUPELE: Wakati ubongo wenyewe haujui kuzubaa. Una kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na hauli hivyo kwa sababu unafanya hesabu. Kuna mtaalamu wa Marekani, Marcus Raichle, yeye na wenzake waliandika mwaka 2001 kuhusu sehemu za ubongo ambazo zinachangamka ukiwa hujapewa kazi yoyote. Ukipewa kazi, zinapoa. Hizo ndizo zinazohusika na kujikumbuka, kujiwaza, kuwaza kesho, kuwaza fulani atanionaje.

GASPER: Kwa hiyo nikikaa tu kibarazani, kuna zamu imeingia kazini.

ATUPELE: Zamu ya usiku, sema hivyo.

GASPER: Hapo kwenye usiku ndipo nataka kukupinga. Nimesoma pia. Mwaka 2010 Killingsworth na Gilbert wa Harvard walifuatilia watu 2,250 kwa simu. Muda wowote simu inalia: unafanya nini, unawaza nini, una furaha kiasi gani? Karibu asilimia 47 ya muda akili haikuwa kwenye kile mtu anachokifanya. Na ikiwa haipo pale, kwa kawaida furaha ilikuwa ndogo.

ATUPELE: Nakubali.

GASPER: Hukubali, unataka nimalize. Na wale wa Chuo Kikuu cha Virginia, mwaka 2014, waliomwacha mtu peke yake chumbani dakika 15 na mawazo yake? Walimwekea kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Hao watu walikuwa wameshaionja ile shoti na kusema wako tayari kulipa wasipigwe tena. Wanaume 18, 12 wakajipiga. Wanawake 24, 6.

ATUPELE: Wanaume jamani!

GASPER: Mmoja alibonyeza mara 190.

ATUPELE: Huyo alikuwa na duka Mlandege.

GASPER: [anacheka] Lakini mimi simcheki. Unajua wale vifaranga wangu.

ATUPELE: Mia tatu.

GASPER: Mia tatu, ule ugonjwa wa kuku, kideri, ukapita nao ndani ya wiki. Sasa usiku nikizima taa, nawahesabu. Ngapi walikufa Jumatatu, ngapi Jumanne, chakula shilingi ngapi, banda shilingi ngapi. Nikifika mwisho naanza upya. Hiyo nayo ni akili kutembea, dada Atu? Mimi ningebonyeza kitufe.

ATUPELE: Hapana, hiyo haitembei. Hiyo ni ng'ombe aliyefungwa kambani. Anazunguka mti, kamba inazidi kuwa fupi.

GASPER: Na utajuaje uko kambani?

ATUPELE: Mimi naangalia swali. Kule Sao Hill maswali yalikuwa yanabadilika: bibi, gauni, duka, halafu mimi mwenyewe. Wewe swali lako ni lile lile kila usiku.

GASPER: Lilikuwa. Ngoja nikwambie nilichofanya. Kuna utafiti wa zamani wa James Pennebaker, wa mwaka 1986: wanafunzi waliandika dakika 15, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi. Miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko waliopewa mada za kawaida. Nikasema, dakika 15 hazina gharama. Nikachukua daftari la mahesabu ya kuku, likawa na kurasa nyingi tupu kwa sababu unazozijua.

ATUPELE: Pole, kaka. Usinichekeshe.

GASPER: Siku ya kwanza niliandika hasara. Ya pili, hasara tena, na matusi kidogo. Ya tatu ikatoka sentensi sikuitegemea: "Mzee wa jirani aliniambia."

ATUPELE: Alikwambia nini?

GASPER: Nichanje. Ile chanjo ya matone ya jichoni. Alikuja mpaka getini kuniambia, na mimi sikumsikiliza kwa sababu simpendi. Tuna mgogoro wa mpaka, miti miwili tu ya parachichi. Nilikuwa nawalilia kuku, kumbe naona aibu.

ATUPELE: [kimya kidogo] Hukuwahi kuniambia hili.

GASPER: Na mimi sikuwahi kujiambia. Unajua nimekulia chini ya jiwe la Gangilonga, hapa Iringa?

ATUPELE: Jiwe linaloongea.

GASPER: Ndiyo maana yake kwa Kihehe. Wazee husimulia kwamba Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa anapanda pale kukaa na kuwaza. Huyu ndiye aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo, Agosti 17, 1891. Fikiria: mtu ana vita mlangoni, na anapata muda wa kukaa juu ya jiwe. Mimi vita sina, nina kuku, na muda sina!

ATUPELE: Siku hizi ukipanda pale jioni, wote wameligeuzia jua mgongo wanapiga selfi.

GASPER: Na mimi nimo. Lakini sasa kila Jumapili napanda na simu naiacha nyumbani. Dakika kumi za kwanza ni mateso, sidanganyi. Napangusa viatu, nahesabu mabati ya mji. Halafu basi, inaachia.

ATUPELE: Mimi nimeshajua changu: kushona pindo. Mkono unafanya, kichwa kinakwenda. Redio tu nazima.

GASPER: Na lile duka?

ATUPELE: Nilimpigia mwenzangu nikiwa bado stendi, nimeazima simu ya konda. Tulilia wote. Yeye analiendesha, mimi nitamshonea. Kodi ya miezi mitatu niliyolipa nimemwachia.

GASPER: Konda alisubiri mazungumzo yote hayo?

ATUPELE: Alidai mia tano ya vocha. Haya, zamu yako. Mzee wa getini umemwambia?

GASPER: Bado.

ATUPELE: Gasper!

GASPER: Nitapita leo jioni. Nimepanga nimpelekee trei ya mayai.

ATUPELE: Mayai ya kuku gani?

GASPER: [anacheka] Nitanunua dukani, dada. Zima hiyo maiki.